Difu ya Namba E

Stashahada yangu ya ufundi wa magari niliipata Ujerumani, nikijisomesha kwa kuosha vyombo hotelini, na gereji hii ya Gerezani sikurithishwa na mtu. Nikisema difu inalia, inalia.

Asubuhi ile ya Desemba mteja wangu, mama wa Kichaga anayeuza vitenge vya jumla Kariakoo, alikuwa anampeleka mama yake mzazi nyumbani Moshi kula Krismasi. Pikapu ilikuwa imesheheni sukari, mchele na mabati; bibi ameshakaa mbele, mkoba mapajani. Ilipokata kona kuingia kwangu, nilisikia mvumo wa difu, gia zile za ekseli ya nyuma.

"Oili ya difu umebadilisha lini?"

"Fundi, gari mpya hii. Namba E! Hata mwaka haijamaliza."

Mji mzima una ugonjwa huo. Gari limechokea Japani, likishapewa namba ya usajili hapa tunalihesabia umri upya kama kichanga. Nikamweleza: oili ya sintetiki huweza kwenda kilomita elfu themanini kwa asiyebeba mzigo, kwa mbeba mizigo mimi nasema elfu arobaini, na ukishakanyaga mafuriko ya bonde la Jangwani, usihesabu, imwage.

"Nyie mliotoka nje mna mbwembwe! Mama ana presha, nataka tuwahi."

"Ndiyo maana nafungua."

Akasonya. Nikaingia chini ya gari. Oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yalishaingia. Kwenye nati ya kumwagia, chembe za chuma zilimetameta. Akachuchumaa kuzitazama. Nikasafisha, nikajaza mpya, nikashusha mabati yote, nikamwagiza asimame njiani, Segera, apime joto la difu kwa mkono.

Wakaondoka. Sikuweza kukaa. Nilikwenda hadi Msimbazi nikarudi, simu mkononi. Chuma kilichokwisha kulika hakirudishwi na oili, hilo nalijua kuliko fundi yeyote wa mtaa huu, na bado niliwaruhusu.

Mchana akapiga. "Injinia, difu ni ya moto, ila mkono unavumilia."

"Inavuma?"

Bibi akamnyang'anya simu. "Mwanangu, tuache twende!"

"Shikamoo bibi. Nendeni polepole."

Jioni wakanipigia tena. Wamefika, ila difu sasa inasaga.

"Usiiwashe tena," nikasema, na kesho yake nikapanda basi la Moshi na beringi mpya za difu kwenye begi. Kazi yangu haiishii njiani.