Goti la Teodosia na Ngazi za Komadre

Ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu. Baba yake Teodosia Canaviri alipofukuliwa hai kwenye mgodi ulioporomoka, binti alimwahidi Bikira Maria wa Socavón, mlinzi wa wachimba migodi, miaka mitatu ya kucheza ngoma ya karnivali yake, na ahadi ya namna hiyo pale Oruro, mji wa migodi huko Bolivia, haikatwi katikati. Miwili alikwisha kuicheza, tena mbele kabisa, akiwa kiongozi wa mstari wa wanawake wanaoruka kama wanaume: buti zenye kengele, filimbi shingoni, teke hewani, kisha kutua kwa kishindo magoti yakiwa yamekunjwa.

Ndipo goti la kulia lilipomgeuka. Maumivu yalijificha nyuma ya pia ya goti na yalikuwa na vituko vyake: akipanda ngazi yalivumilika, akishuka yalimng'ata. Akikaa sana kanisani, goti liliwaka. Sokoni, kwenye kibanda chake cha api, ule uji wa mahindi ya zambarau, akichuchumaa kuchochea jiko hakuinuka ila kwa kushika meza.

Alimwambia mtu mmoja tu. Eulogia Villca, aliyecheza naye mstari mmoja, ndiye aliyemshikia mwanawe ubatizoni, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana komadre, undugu ambao pale unashinda wa tumbo moja. Kila asubuhi Eulogia alikunywa api pale kibandani, wala hakuna aliyewahi kumdai hata senti.

“Komadre, don Wálter asijue,” Teodosia alimsihi. Don Wálter, yaani bwana Wálter, ndiye mkuu wa kikosi chao cha ngoma. “Akisikia ataninyang'anya filimbi ya uongozi.”

“Nimwambie ili iweje? Mimi kifuani kwangu ni kaburi,” Eulogia akajibu, jino lake la dhahabu likimetameta. “Goti ni kama punda, shoga yangu. Ukilidekeza linalala. Kila alfajiri panda zile ngazi za kilimani, ushuke mbio, halafu uchuchumae mpaka chini. Litanyooka lenyewe!”

Maskini, akafanya. Tena akafanya kwa moyo wote, akiuma meno, mpaka goti likakataa hata ngazi za nyumbani. Ikabidi aende zahanati. Mtaalamu wa viungo, binti mmoja mchangamfu aitwaye Maribel, akasikiliza habari za kikosi na za ngazi, akamsimamisha kwa mguu mmoja na kumwambia akunje goti kidogo.

“Unaona linavyoangukia ndani? Paja na nyonga zimelegea, na wewe umeongeza kuruka kwa ghafla. Goti halijavunjika, mama. Limeelemewa.”

“Basi nilale?”

“Ukilala paja litazidi kulegea. Punguza tu: ruka chini chini, siyo kila siku, na ufanye mazoezi ya paja na nyonga nitakayokuonyesha. Maumivu kidogo yasikutishe. Ila ukiamka nayo kesho yake, ujue umezidisha. Kushuka ngazi mbio, kuchuchumaa mpaka chini, kupiga magoti, hayo acha kwa sasa. Nani alikutuma huko kwenye ngazi?”

“Rafiki.”

“Basi hajui magoti huyo. Mwaka jana alikuja mwenzenu wa kikosi hichohicho, goti kama hili. Nikamkataza ngazi, akasikia. Mcheshi yule, ana jino la dhahabu. Leo si anaruka kama mbuzi!”

Teodosia alifunga kamba za viatu taratibu. Mwaka jana Eulogia alipotea mazoezini, akasema yuko mji wa Cochabamba anamuuguza shangazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; cha Teodosia kilivaa kengele. Hata hivyo njia nzima alimtafutia komadre wake udhuru.

Jumapili ya mazoezi aliacha kutafuta. Filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni mwa Eulogia.

“Don Wálter, hiyo ni filimbi yangu.”

“Filimbi ni ya kikosi, bibi. Komadre wako alituambia tangu mazoezi ya kwanza kwamba umekwisha na unaficha.”

Tangu mazoezi ya kwanza. Yaani alimuuza wakati uleule aliokuwa akimtuma ngazini.

“Nilikuonea huruma, komadre,” Eulogia alisema, macho chini.

“Huruma gani? Ulijua ngazi zinafanya nini! Maribel alikukataza wewe mwenyewe, kwa goti lako mwenyewe!”

Don Wálter akasema mambo ya wanawake wayamalize wenyewe, na filimbi haikurudi.

Siku ya karnivali Teodosia alicheza mstari wa mwisho, akiruka chini chini kama alivyofundishwa, na akafika mpaka kanisani. Mlangoni mwa kanisa wachezaji hupiga magoti na kujikokota hivyo hivyo mpaka miguuni pa Bikira. Wote wakapiga. Teodosia alibaki wima, watu wakaanza kunong'ona.

Eulogia akageuka, uso umelowa jasho na machozi. “Piga magoti, komadre. Mama anatuona.”

“Ndiyo, anatuona,” Teodosia akasema, akampita akitembea kwa miguu yake.

“Baba yangu yu hai, nami nimecheza,” alimwambia Bikira. “Hatudaiani. Huyo mwenye filimbi nakuachia wewe, mimi simuwezi.” Akalia kwa uchungu, kwa sababu alikuwa amempenda.

Karnivali ilipokwisha, Eulogia alikuja kibandani asubuhi kama kawaida, akavuta kigoda chake, akanyoosha mkono kupokea kikombe.

Teodosia akashika upawa.

“Karibu, mteja,” alisema. “Unakunywa hapa au unabeba?”