Mstari wa Njaa

Mtafiti kutoka chuo kikuu alipokuja mtaani kwetu Mowlem, alitukuta wanawake sita tunaolima sukuma wiki kandokando ya mto. Alikuwa msichana wa rika la binti yangu, mpole, na viatu vyake havikuwa vimezoea tope. Alituomba tufanye utafiti pamoja naye. Kila mmoja angegawa shamba lake mistari mitatu: wa kwanza tuutie mbolea ya dukani, wa pili mboji yetu ya maganda ya sokoni, na wa tatu tusiutie chochote, ili ijulikane udongo wenyewe una nguvu kiasi gani. Akatuambia masomo yake yanategemea msimu huo mmoja. Tukaitikia sote, "Sawa, mwalimu."

Huo wa tatu tuliubatiza mstari wa njaa, na ndio uliotuponza. Mashamba yetu yanapakana na njia ya kwenda steji ya matatu, na wapita njia wa mtaa wetu hawana dogo. Majani yakigeuka manjano wanaona uvivu wako, hawaoni utafiti. Jamaa mmoja alisimama akaniuliza, "Mathe, hii shamba ni mgonjwa ama ni wewe?" Nilikasirika hata chai haikunishuka. Asubuhi iliyofuata nilibeba mbolea ya kuku kwenye kopo la rangi, nikaifukia kwenye ule mstari. Nikajiambia ni kidogo tu.

Siku ya kupima mavuno, mstari wangu wa njaa ulikuwa umenawiri ajabu. Si wangu peke yake, hata mistari ya wenzangu wote. Msichana alipima, akapima tena, kisha akabaki ameshika mizani.

"Nimekosea wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Tulitazamana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na makata tulikuwa sita.

Haya zilinishika. "Mwalimu, mimi niliutilia mbolea," nikasema.

Jirani yangu, mama aliyetoka Vihiga, akadakia, "Na mimi. Kwetu mtu haangalii mmea ukifa na mbolea iko nyumbani."

Wengine wakakiri mmoja mmoja. Msichana akaketi kwenye tuta, akalia. Nilimwonea huruma, nikajichukia pia. Alituita watafiti wenzake, nasi tukamharibia msimu mzima huku tukimwitikia "sawa" kila Jumanne alipokuja.

"Mbona hamkuniambia kwamba hamuwezi?" akauliza.

Jirani yangu akakaa chini karibu naye. "Hukutuuliza, mwanangu. Ulikuja mistari ukiwa umeshaichora."

Msichana akajipangusa macho kwa mkono wenye udongo. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akampa jirani yangu kalamu.