Sukari ya Kumpa Mama Pole

Kidole cha mguu wa mama kilipoanza kuwa cheusi, daktari alitueleza waziwazi. Mwili wake umeacha kuitikia insulini, hivyo sukari inabaki kwenye damu na kuharibu mishipa. Mishipa ikiharibika, insulini nayo haifiki vizuri kwenye misuli, na mwili unazidi kuwa mkaidi.

Niliwaeleza ndugu zetu wote wa mtaa wetu wa Juba Na Bari, wakakubali. Kesho yake wakaja kumwona mgonjwa, kila mmoja na pakiti ya sukari, maana kwetu hapa huendi kumpa mtu pole mikono mitupu. Mama mdogo akamtilia chai, sukari imejaa hadi nusu ya glasi. "Kunywa, dada, upate nguvu." Nikampokonya ile glasi. Wakasema Kampala, nilikosomea, imeniharibu, sina adabu.

Kidole kikakatwa. Tuliporudi kutoka hospitali tuliwakuta uani, wanalia machozi ya kweli, na pakiti mpya zimejaa mezani. Nilitaka kuzitupa zote mtoni, na wao pamoja nazo!

Mama, bendeji mguuni, akanitazama kwa ukali: "Chemsha maji. Wageni wamekuja."