Malashi Yenye Ilitoka ku Shati ya Déo

Ninyi wasomaji munachokesha. Mutu akiandika juu ya muji ya Kasongo, munauliza tu: zahabu iko bei gani, barabara imefika wapi. Hakuna hata mumoja mwenye anauliza Kasongo inanukia namna gani. Séraphine Muzaliwa aliuliza, na ile swali ilimukula.

Séraphine anatengeneza malashi. Si ile ya maua, si ile ya sukari yenye inakuja ndani ya makartoni toka Uvira. Yake inanukia pori kisha mvua: majani yenye kuoza, uyoga, matope ya Lualaba kule Nyangwe wakati maji inashuka. Anatia kitu ndani ya mafuta ya mbegu ya ngazi, matunda ya muchikichi, anafunika vizuri, anaacha wiki tatu. Mafuta inakunywa harufu. Kisha anakamua, anatia ndani ya vichupa vya dawa ya sindano, anafunga uzi ku shingo. Uzi ya kijani ni pori, ya manjano ni muto.

"Yaya Séra, unauzisha watu matope?" Ndiyo namna mudogo wake Déo alikuwa anamuchekelea. "Mimi ile harufu naipata bure kila siku, na tena natafuta sabuni ya kuiondoa!"

Déo alikuwa anachimba zahabu kule Salamabila. Mwezi wa pili shimo ilimufunika na wenzake wawili. Hawakumutosha inje, maiti ikabaki mule. Rafiki yake Cirhuza alileta kitu kimoja tu: shati ya kazi yenye Déo aliacha inje, ingali na umande, udongo mweusi ku kola.

Kwabo, mufu akikosa kaburi, wanafula nguo yake ku muto ili maji iende naye. Mpaka hapo, mama yake hakuli chumvi, halali ku kitanda. Séraphine ndiye alitumwa kufula. Njiani akatia pua ndani ya shati. Déo alikuwa pale, jasho yake. Na nyuma ya Déo, ile shimo nzima: giza, baridi, mawe yenye kutoka maji. Akarudia kwa njia ya nyuma, akatia shati ndani ya mafuta. Ku muto akafula shati ingine ya Déo, ile ya misa.

"Imeisha, mama," akasema. Mama Léocadie akakula chumvi.

Vikatoka vichupa vitatu vya uzi mweusi. Haya, muniambie mutu anauzisha ndugu yake namna gani? Lakini ilikuwa kazi yake ya muzuri kupita zote, na alitaka kujua kama wengine watasikia kitu. Kimoja akabaki nacho. Kimoja akauzisha kwa Estelle wa kwaya. Cha tatu, kwa mwanamuke mumoja pale kwa mapikipiki.

"Ni harufu ya nini?" waliuliza.

"Ya shimo," alisema, basi.

Ile wiki mama akaanza.

"Séra, niko namusikia Déo."

"Anasema nini, mama?"

"Hasemi kitu. Namusikia tu."

Séraphine alizania mama anasikia sauti. Akaita katekista Emile, yule akaweka mikono ku masikio ya mama, akaomba mpaka jasho ikatoka.

"Emile, mwanangu," mama akasema, "masikio yangu haina ugonjwa. Toa mikono, unanifinya bure."

Siku ya Mungu, ku misa, watu walikuwa wanapeleka matoleo, kuku na mihogo. Estelle akapita. Mama Léocadie akasimama, akamukamata mukono, akaweka pua ku shingo yake mbele ya watu wote.

"Nani alikuvalisha mutoto wangu?"

Estelle akacheka kicheko ya woga. "Mama, ni malashi! Ya Séra!"

Ndipo Séraphine akaelewa. Mama hakuwa anasikia na masikio.

Nyumbani hakukuwa makelele. Mama akasema tu: "Leta ile shati."

"Mama, nikiifula, sibaki na kitu."

"Na yeye anabaki na nini? Mutu alikufa kwa kukosa hewa, na wewe unamufungia tena ndani ya chupa?"

Séraphine akaenda kuleta shati. Wakashuka ku muto ile siku ile ile. Akafula shati na sabuni mara nne, mikono ikaumia, mpaka maji ikatoka safi. Akamwanga ku maji mafuta yenye ilibaki, na kichupa chake, na cha Estelle, chenye alirudisha. Kisha akanusa shati. Ilikuwa nguo tu. Alilia pale kama mutu mwenye amezika leo.

Akapika sombe, majani ya muhogo, na chumvi ndani. Mama akatia kidole, akalamba, akasukuma sahani.

"Iko chupa moja ingali. Namusikia mbali."

Tangu ile siku mama analala ku mukeka. Séraphine amezunguka Lusangi, amefika mpaka Kabambare, ananusa shingo za wanawake ku soko, wanamufukuza kama mwenda-wazimu. Jina ya yule munuzi hakuuliza. Anakumbuka tu kikwembe ya bluu yenye alijifunga na sauti ya pikipiki.

Basi wewe, mama wa kikwembe ya bluu, au wewe mwenye unamujua: ile chupa ya uzi mweusi usiifungue tena, usiipake. Peleka ku muto wowote wenye maji inakimbia, umwange yote, usibakize hata tone. Kisha uandike hapa chini, neno moja tu, tumwambie mama yake.