Sauti ya Wifi Kutoka Mikokoni

Nilipoolewa kisiwani, upande wa Maparoni, jambo la kwanza alilonifundisha mama mkwe halikuwa kupika wala kupanda mpunga. Alinifundisha kuitika.

"Ukisikia unaitwa huko nje, usiitike mara ya kwanza," aliniambia. "Wala ya pili. Ngoja ya tatu."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema mikokoni kuna Mwigo, na Mwigo hawezi kuita zaidi ya mara mbili.

Mwigo alikuwapo kabla ya msikiti, kabla ya minazi, kabla babu wa babu zao hajavuka kuja kulima pale. Hakuna aliyewahi kumwona vizuri. Watu walisema ni kivuli tu kati ya mizizi ya mikoko, mahali pasipo na mtu wa kukitoa. Hana sauti yake mwenyewe. Huchukua sauti ya mtu wako, akakuita kutoka upande wa tope, ukaenda, ukazama. Alitaka nini kwetu hakuna aliyejua, maana hakula watu wala hakuomba sadaka.

Mimi nilikulia Mbwera na kwetu sikuwahi kumsikia. Niliyachukua yale kama adabu za wenyeji. Kitongoji kilikuwa na nyumba chache, na wote waliita mara tatu, wakipumzika katikati. Hata mtu aliyekuja kuomba chumvi alisimama uani akapiga hodi tatu polepole. Nilizoea, nikaona ni jambo zuri kwamba hakuna anayekuharakisha.

Aliyenizoesha kisiwa hasa alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa ameachika, akarudi kwa mama yake, na umri wetu ulikuwa mmoja. Tulilima mpunga pamoja, tukalala pamoja kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, wakati wa kulinda ndege na nguruwe. Maji yakipwa aliingia mikokoni kutoa kaa kwa chuma kilichopindwa ncha. Alirudi na tope mpaka mapajani, akiwasimanga kaa waliomshinda kama vile ni watu wanaosikia. Mume wangu alikuwa mtu wa safari za samaki, kwa hiyo kwa siku nyingi nyumba ile ilikuwa ya wanawake watatu.

Masika moja ya mvua nyingi, jirani yetu mmoja, mtoa kaa kama wifi, alimwambia mkewe mchana kweupe, "Kaka ananiita." Akatoka. Kaka yake wakati ule alikuwa kibarazani kwake akishona wavu, na watu walikuwa naye. Siku ya pili, maji yalipopwa, walimkuta amesimama ndani ya tope mpaka kifuani, amekufa.

Tulimzika. Lakini kilichotumaliza si kifo chake. Kilichotumaliza ni maneno ya mjane alipoulizwa.

"Aliitwa mara tatu," alisema. "Mimi mwenyewe nilihesabu."

Wazee walimuuliza tena, akarudia vile vile. Ikasomwa dua, watu wakakizunguka kitongoji wakisoma Yasini. Halafu akaletwa mganga kutoka bara. Alikaa siku mbili, akasema Mwigo amejifunza. Sasa anaweza kuita mara atakazo. Dawa iliyobaki ni kutoitika kabisa. Anayemtaka mtu amfuate mpaka aonekane uso.

Tukaacha kuitikana. Mwanzoni tulitafuta njia nyingine. Kila nyumba ikajiwekea ishara yake, hawa mluzi, wale kugonga mfuniko wa sufuria. Haikupita wiki, mwanamke mmoja akasema amesikia mfuniko wake ukigongwa mikokoni, ilhali mfuniko anao mkononi. Simu hazikusaidia, kwa sababu mtandao ulipatikana sehemu moja tu, karibu na wanapoegesha mitumbwi. Mpunga ulipokuwa mrefu wanawake waliogopa kuingia shambani, maana mle ndani bila kuitana huwezi kujua mwenzio yuko wapi. Nguruwe wakala. Bibi mmoja alianguka nyumbani kwake, akavunjika mguu, akaita majirani ukuta kwa ukuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Walimsikia wote. Alipona mguu, lakini hakuzungumza nao tena.

Nilikuwa bado najiambia kwamba huenda ni hofu tu. Mpaka alasiri moja naosha vyombo, nikamsikia mama yangu mzazi. Aliniita jina la utotoni, ambalo pale kisiwani hakuna aliyelijua, hata mume wangu. Sauti ilitoka mikokoni. Ilikuwa na kile kikohozi chake kidogo. Niliziba masikio nikalia, na iliendelea mpaka maji ya vyombo yakapoa. Nilikwenda kule penye mtandao nikapiga simu Mbwera. Mama alipokea, akasema anapika, akaniuliza mbona sauti yangu iko vile.

Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba siku ile ya wifi sikuwa na shaka kwamba Mwigo yupo.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Wifi alichukua kapu na chuma chake, ubao wa kukanyagia tope akauacha.

"Nitarudi kabla maji hayajaanza kujaa," alisema.

Nilikuwa natwanga mpunga uani. Mama mkwe alikaa karibu na ungo, akipepeta. Nikasikia, "Wifi." Nikashusha mchi. "Wifi, nimenasa. Niletee ubao."

Tulitazamana mimi na mama mkwe.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia."

"Kaa."

Nilikaa. Sauti iliita tena, na tena. Ilisema mguu wa kushoto umeingia chini ya mzizi na hautoki. Ikamwita mama mkwe. "Mama, ni mimi. Wallahi ni mimi."

"Atasema hivyo hivyo," mama mkwe alisema, bila kunitazama. Aliendelea kupepeta, pumba zikimmwagikia mapajani.

Nilikwenda mpaka mwisho wa ua. Mganga alisema mtu aonekane uso, nami nilitaka kuuona uso, lakini mikoko ilikuwa katikati, na ili kumwona ilibidi kwanza niingie. Nilisimama pale. Majirani nao walikuwa nje. Nawakumbuka, kila mtu kasimama mlangoni kwake. Maji yalishaanza kurudi. Niliyaona yakipenya kati ya mizizi, na povu lake.

Sauti ikapasuka. Ilinitaja mimi, ikamtaja kaka yake, ikamtaja mama. Baada ya hapo haikuomba kitu tena. Ilianza kutamka shahada.

Mama mkwe akasimama. "Shetani hawezi kulitamka hilo," alisema, na ungo ukaanguka.

Tulikimbia na ubao, na majirani wakaja nyuma yetu. Maji yalikuwa yameshafunika mizizi. Tuliita sote, mara zisizo na idadi, na hakuna aliyetuitika. Tulipata kapu lake limekwama kwenye tawi, kaa wamo ndani wamefungwa na bado wanatikisa miguu. Yeye tulimpata jioni maji yalipopwa, karibu sana na nyumbani. Mguu wa kushoto ulikuwa chini ya mzizi, kama alivyosema.

Hakuna aliyenilaumu. Matangani wanawake walinishika mkono wakaniambia, "Ungefanyaje?" Walimaanisha kweli, kwa sababu nao walisikia na hawakwenda. Nadhani lau mtu mmoja angenitukana, ningepata pa kushika. Mume wangu aliporudi, aliuliza ubao ulikuwa wapi siku hiyo. Nikamwambia ulikuwa umeegemea ukuta wa jiko. Alikwenda kuutazama.

Kitongoji hakikudumu. Walianza kuhama wenye watoto wadogo, kisha wengine, kila mmoja akipakia mabati yake kwenye mtumbwi bila kuaga, kwa sababu kuaga kulitaka kupiga hodi. Imamu naye aliondoka. Sisi tulikuja Kibiti, tukajenga vyumba viwili nyuma ya barabara kuu. Mama mkwe aliishi nasi miaka miwili. Hakuitika jina lake hata tulipomwita kula. Ilibidi umguse bega. Aliugua, tukampeleka hospitali Utete, na huko muuguzi aliyemwita kitandani kwake alidhani ni kiziwi. Alifia huko.

Majirani wa hapa huita mara moja kutoka kwenye ua na kutegemea jibu. Mimi huchelewa. Wanasema nina maringo.

Mwaka jana mvuvi mmoja aliyepita kule alimsimulia mume wangu kwamba kisiwa kimemea pori, lakini ukipita na mtumbwi unasikia kitongoji kizima: michi ikitwanga, hodi, watu wakiitana. Mume wangu alimuuliza kama kuna sauti ya mwanamke anayeomba ubao. Mvuvi akasema yeye hakusimama kusikiliza.

Akaenda mwenyewe. Alikaa siku nne. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akanawa, akala nilichompakulia. Nilingoja amalize.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Nimemsikia."

"Anasema nini?"

Alisukuma sahani pembeni. "Anakuita wewe," alisema.

Tangu hapo kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huenda. Hukaa ndani ya mtumbwi, anasema, hashuki. Simkatazi. Siku atakayoshuka sitakuwapo kumsikia akiita.