Sahani ya Rosemary

Pale Makambako wanapoegesha malori ya Tunduma, hakuna dereva asiyemjua Conjesta, mama lishe. Sahani yake ya wali hujaa mpaka mteja aone haya kuianza. Ukibakiza, anakusimamia kichwani na kukuuliza kama umefiwa. Ndivyo alivyo, upendo wake wote unapitia kwenye sufuria.

Sasa mwanamke wa namna hii Mungu akampa binti mcheza judo.

Rosemary aliujulia mchezo huo shuleni Njombe, akauendeleza kwa mwalimu Efraimu, kwenye magodoro yaliyofunikwa turubai. Mama yake aliona wasichana wanavutana makoti na kubwagana chini, basi. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba mtu wa kubwagana lazima ashibe. Mwaka jana, binti alipokwenda Dar es Salaam kwenye mchujo wa timu ya taifa, alimfungia kuku, viazi na maparachichi, na Rosemary akala ili asimvunje moyo. Kwenye mzani akaonekana amezidi uzito wa kundi lake. Akarudishwa bila kumgusa mtu, wala hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja. Efraimu ndiye aliyemweleza Conjesta, naye akabisha: tangu lini shibe ikawa kosa?

Aliyemfumbua macho ni Sadock, dereva, mteja wake wa siku zote.

"Mama, lori langu likizidisha pale mizani, si nazuiwa? Hata niwe nimebeba dawa za hospitali. Na mtoto wako ndivyo walivyomfanya."

Conjesta alikaa chini, mwiko mkononi. Siku ile aliumia, jamani, aliumia sana.

Mwaka huu Rosemary akachaguliwa kwenda mashindano ya Afrika. Wamisri watakuwapo, Wasenegali, Waaljeria, na yeye wa Makambako. Siku ya kuagana Fidelia, dada mkubwa wa Conjesta, akashuka kutoka Lupembe na hotpoti la ugali na kuku wa kienyeji.

"Kamwene, mwanangu! Njoo ule upate nguvu."

Rosemary akamtazama mama yake. Kumkatalia mama mkubwa chakula cha safari ni sawa na kumtukana, na binti hakuwa na ubavu huo. Conjesta akaingia katikati.

"Dada, huyu hali."

"Hali kwa nini, anaumwa? Mtoto anakwenda kupigana na Afrika nzima, unamnyima chakula? Tena wewe, Conjesta?"

"Nimesema hali. Nipe mimi."

Akalivuta hotpoti, akala. Alikula paja lililotengwa kwa ajili ya mwanawe, akala ugali wote, machozi yanamtoka, ili chakula cha dada yake kisirudi Lupembe kama kilivyokuja. Fidelia alimwangalia kama mtu aliyerukwa na akili, akaondoka amenuna.

Siku ya mashindano Efraimu alipiga simu asubuhi: Rosemary amepita kwenye mzani! Conjesta alipiga vigelegele mpaka madereva wakaacha chai zao. Mchana Rosemary mwenyewe akapiga.

"Mama, nimetolewa. Wa kwanza nilimshinda. Wa pili, Mtunisia, kanibwaga." Akaangua kilio.

Conjesta alibaki na simu sikioni, wateja wakigonga meza. Judo haijui. Maneno ya kufariji hana, hakuwahi kuyahitaji. Kila aliyekuja kwake na majonzi alimpakulia. Na huyu, wa kwake mwenyewe, yuko nchi ya mbali usikofika mkono wake.

"Mama," Rosemary akasema, huku bado anavuta kamasi, "leo umepika nini?"

Conjesta aliogopa kujibu.

"Maharage," akasema polepole. "Nimeyaunga kwa karanga. Na majani ya maboga. Na viazi, vile vinavyopasuka."

Hapo akajikatiza. Akadhani amekosea tena.

"Endelea, mama," Rosemary alisema. "Na nyama je?"