Bi Mawingu na Picha ya Mafuriko

Ofisini walimwita Bi Mawingu, na jina alijitakia mwenyewe. Kila picha ya setilaiti ilipofika, neno lake la kwanza lilikuwa, "Wametuletea mawingu tena."

Alianza kazi ya kuchora ramani akiwa bado msichana, enzi za picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na kuungwa mezani kama viraka. Zile za kwanza za setilaiti zilikuja kwenye karatasi kubwa, zimechelewa mno. Shamba unaloliona bichi pichani lilikuwa limeshavunwa na kuliwa. Wenzake walizibeza. Yeye alizipenda, kwa sababu setilaiti ilirudi juu ya mahali palepale, mwaka hadi mwaka, akaweza kuona msitu ukimegwa, ziwa likinywea, mji ukitambaa kuelekea mtoni. Kompyuta zilipoingia, alijifunza upya, macho yamemtoka.

Mdogo wake wa kike alikuwa amejenga na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, hukohuko bondeni, kando ya mto. Bi Mawingu alikuwa amechora kwenye ramani mstari wa mahali ambapo maji yangeweza kufika, na nyumba yao ilikuwa ndani yake; aliwaonya, si mara moja.

"Dada, wewe unatutazama kutoka juu," mdogo wake alimjibu akicheka. "Sisi tunaishi huku chini. Mto uko mbali."

Kisha ukaja mwaka mvua ilipokataa kukatika. Mto ukavunja kingo asubuhi, na simu za upande ule zote zikawa kimya. Picha za kawaida zilionyesha weupe mtupu wa mawingu. Ila siku hizo kulikuwa na setilaiti za rada, ambazo mawimbi yake hupenya mawingu, na maji yaliyotanda hutokea meusi. Picha ilipofunguka, mtaa wa mdogo wake ulikuwa mweusi wote.

Mkuu wake alijua nani anaishi pale. Akavuta kiti karibu naye.

"Nenda nyumbani, mama. Mwingine atamalizia."

"Nikienda nyumbani nitatazama ukuta," akasema. "Niache hapa."

Waokoaji walikuwa na boti chache na walisubiri kuambiwa waanzie wapi. Upande wa pili wa mto, kilima cha soko kilikuwa kimebaki kama kisiwa, na picha iliyofuata ilionyesha kisiwa kile kimepungua. Bila shaka watu walikuwa wamekimbilia pale. Bondeni kwa mdogo wake hapakuwa na nchi kavu tena, isipokuwa uzi mwembamba wa tuta la reli. Bi Mawingu alizilinganisha picha mbili zile tena. Kisha akasema, "Waanzie sokoni. Wakitoka hapo, reli."

Akaenda msalani, akafungua bomba ili wasimsikie.

Sokoni walitolewa watu wengi, wagonjwa na wazee kwanza. Kwenye tuta la reli boti zilifika jioni. Mdogo wake alikuwepo, amembeba binti yake mgongoni. Shemeji hakuwepo. Alikuwa amewapandisha wao, akarudi kumfuata jirani asiyeweza kutembea, na maji yakamchukua saa chache kabla ya boti kufika.

Baada ya mazishi mdogo mtu alihamia kwa dada yake. Siku moja, wakikunja nguo, akauliza bila kuinua uso, "Watu wanasema boti zilianzia sokoni. Nani aliamua?"

"Mimi."

Mdogo wake akaendelea kukunja.

"Ulijua mimi niko wapi?"

"Nilijua mtaa wako umezama. Sikujua kama uko hai."

"Ningejua siku ile, ningekuchukia, Dada."

"Na leo?"

"Leo sijui. Usiniulize."

Hakumuuliza tena. Waliishi pamoja, wakalea yule binti, wakagombana kuhusu chumvi kama dada wowote. Bonde halikujengwa tena. Safari hii mstari wa Bi Mawingu kwenye ramani uliheshimiwa. Kabla Bi Mawingu hajastaafu, mdogo wake alikuja ofisini kwa mara ya kwanza na kuomba aonyeshwe picha ile. Akaitazama muda mrefu.

"Mume wangu yuko wapi hapa?"

"Haionyeshi watu, mdogo wangu. Maji tu."

Akaitikia kwa kichwa, akamshika dada yake mkono, wakatoka pamoja.